Mguu Mmoja, Kazi Mbili: Tuliyojifunza Katika Kushusha Gia

Stadi yoyote ina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni ule auonao mtazamaji: kazi inatiririka, wala haionekani mahali ilipounganishwa. Uso wa pili ni ule aujuao mwanagenzi: vipande vingi, kila kimoja kikidai kuangaliwa peke yake, na vyote vikitakiwa kwa wakati mmoja. Mwalimu wa shule ya msingi huishi karibu siku zake zote katika uso wa kwanza. Anasoma bila kufikiri kwamba anasoma. Anaandika ubaoni huku akisema na darasa. Anatoa kwa kukopa bila kuhesabu hatua alizopitia. Watoto walio mbele yake wamo katika uso wa pili. Umbali ulio kati ya nyuso hizo ndio chanzo cha uchungu mwingi wa darasani, na makala hii inakusudia kuupima kwa mfano usiotoka darasani.

Mfano wenyewe ni wa udereva. Sisi tunaoishi Kalangalala, kata ya mjini Geita, tulikuwa tumeendesha magari kwa miaka mingi tulipoamua kujifunza mbinu moja ambayo madereva wa mashindano huihesabu kuwa ya msingi, nayo ni kushusha gia huku breki ikiwa imekanyagwa, kwa kuutumia mguu mmoja wa kulia juu ya makanyagio mawili. Tulijifunza tukiwa watu wazima, tukiwa tayari walimu wa walimu. Kwa sababu hiyo tulipata nafasi adimu ya kujitazama tukiwa wanagenzi, na ya kumtazama aliyetufundisha kwa jicho la mtu anayefanya kazi kama yake.

Mbinu yenyewe na sababu zake

Gari lenye gia za mkono lina makanyagio 3, ambayo madereva huyaita pedeli. Mguu wa kushoto hutumikia klachi. Mguu wa kulia hutumikia breki na mafuta. Dereva anapoikaribia kona kali hufanya mambo mawili. Hupunguza mwendo kwa breki, na hushusha gia, au huipangua kama wasemavyo wenyewe, ili injini iwe na nguvu ya kulitoa gari konani, au imsaidie kulizuia lisikimbie mteremkoni.

Ugumu upo katika hesabu ya mizunguko. Tuchukue gari ambalo katika gia ya 3 injini huzunguka mara 6 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na katika gia ya 2 huzunguka mara 9. Tuseme mzingo wa gurudumu ni mita 2. Gari likienda kilomita 40 kwa saa katika gia ya 3, injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo huo katika gia ya 2, injini itatakiwa kuzunguka mara 3,000. Mizunguko 1,000 inayopungua haina budi kutoka mahali. Dereva akiachia klachi bila kuitoa yeye, magurudumu ndiyo yatakayoikokota injini mpaka ifike huko. Gari litashtuka, abiria watainama mbele, na penye changarawe au matope magurudumu yanaweza kushikwa ghafla kiasi cha kuteleza.

Kwa hiyo dereva hukanyaga mafuta kidogo wakati klachi ikiwa chini, injini ikapanda hadi mizunguko inayotakiwa, kisha huachia klachi bila kishindo. Lakini mguu unaokanyaga mafuta ndio ule ule uliomo kwenye breki, na breki haifai kuachiwa wakati kona inakuja. Ndipo ilipozaliwa mbinu ya kisigino na kidole. Sehemu ya mbele ya unyayo hukandamiza breki kwa nguvu isiyobadilika, na ukingo wa nje wa unyayo, au kisigino, hugeuzwa kidogo kuyagusa mafuta. Ikumbukwe pia kwamba breki inaendelea kupunguza mwendo. Gari likiwa limeshuka hadi kilomita 30, mizunguko inayotakiwa si 3,000 tena, bali 2,250. Hakuna dereva apigaye hesabu hizo njiani. Sikio na mguu ndivyo vinavyohesabu, na kuvifundisha hivyo ndiyo kazi yote ya mwalimu wa udereva.

Asili ya mbinu katika barabara zetu

Mbinu hii haikuzaliwa katika michezo peke yake. Magari ya zamani yalikuwa na giaboksi zisizo na kifaa cha kulinganisha mizunguko ya meno ya gia. Kifaa hicho kilianza kuuzwa katika magari ya Cadillac ya Marekani mwaka 1928, na malori mengi ya mizigo mizito yaliendelea bila hicho kwa miaka mingi baadaye. Dereva wa lori la namna hiyo alikanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kuitoa gia, kisha akaiongezea injini mizunguko gia ikiwa huru, na mara ya pili kuiingiza gia ya chini. Akiwa mteremkoni na mzigo nyuma yake, breki haikuachiwa, na mguu wa kulia ulilazimika kugawanyika.

Katika Afrika Mashariki ustadi wa namna hiyo ulipewa heshima ya pekee na mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wengi wanayakumbuka majina ya washindi. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, kwa gari la Peugeot 404. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973, kisha kila mwaka tangu 1979 hadi 1982. Mashindano hayo yalirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakifanyika Naivasha nchini Kenya. Mtoto aliyesimama kando ya barabara akiliona gari likipita katika vumbi aliuona uso wa kwanza wa stadi: mngurumo unapanda, unakatika, unapanda tena, na gari limekwisha kupinda. Hakuona mguu.

Namna tulivyofundishwa

Aliyetufundisha ni mzee mmoja, dereva mstaafu, ambaye ujana wake aliumalizia juu ya malori yaliyobeba marobota ya pamba katika nchi ya Usukuma. Alianza akiwa utingo, akalala juu ya mzigo, akaoshea lori, na kwa miaka kadhaa hakuruhusiwa kugusa usukani. Hakupata kusoma kitabu chochote cha mbinu za kufundisha. Hata hivyo kila alichokifanya tuliweza kukitaja kwa jina lake katika vitabu vyetu, na mengine tulitamani yaandikwe humo.

Siku ya kwanza hakuwasha gari. Tuliketi ndani ya pikapu kuukuu iliyosimama chini ya mwembe, naye akasogeza kiti mbele na nyuma mpaka goti letu likapinda kama alivyotaka. Kisha akatuambia tukanyage breki na kuyagusa mafuta kwa ukingo wa mguu, mara kwa mara, mpaka jasho likatutoka. Tulipouliza sababu za mizunguko na meno ya gia, alicheka. "Mwalimu," alisema, "mguu hausomi vitabu. Ukishajua, nitakueleza, nawe utaniambia kwamba ulikuwa unajua."

Siku ya pili aliwasha injini, gari likiwa limesimama na gia ikiwa huru. Saa inayoonyesha mizunguko aliifunika kwa kitambaa. Alitaka tuisikie injini. Aliigusa mafuta mara moja, injini ikanguruma na kushuka. "Hiyo ndiyo sauti ya gia ya pili," alisema. "Itafute." Tuliitafuta kwa nusu saa. Ilipokuwa juu mno alitikisa kichwa, ilipokuwa chini alitikisa kichwa, na ilipokuwa sawa alinyamaza tu, nasi tukaelewa.

Baada ya hapo mafunzo yalifuata mpango huu, kila hatua ikichukua siku moja au zaidi, katika uwanja mtupu nje ya mji:

(a) Kuendesha polepole na kushusha gia bila kutumia breki kabisa, yaani klachi, mafuta, gia, klachi.

(b) Kuendesha na kukanyaga breki, huku ukingo wa mguu ukiyagusa mafuta, bila kubadilisha gia yoyote. Shabaha ilikuwa moja, kwamba breki isilegee wala isikaze mafuta yanapoguswa.

(c) Kuyaunganisha yote kwa mwendo mdogo sana, gari likielekea kusimama.

(d) Kuongeza mwendo kidogo kidogo, na mwishowe kuingiza kona.

Hatua ya (b) ndiyo iliyotuonyesha ubingwa wa mzee yule. Mtu asiyejua angeigawa kazi kwa kufuata makanyagio: leo klachi, kesho breki, keshokutwa mafuta. Mgawanyo huo ungekuwa nadhifu katika daftari, lakini ungekiacha nje kiini cha ugumu, kwa maana ugumu haumo katika kanyagio lolote. Umo katika kushikilia jambo moja lisibadilike wakati jambo lingine linaanza. Mzee alikikata kiungo hicho hicho, akakiweka peke yake mbele yetu, akatuacha tupambane nacho kabla ya kutuongezea gia.

Alikuwa na kipimo kimoja cha kazi yetu, nacho ni shingo yake. Aliketi kando yetu, mikono mapajani, asishike kitu. Klachi ilipoachiwa na mizunguko haijalingana, kichwa chake kilikwenda mbele. Ilipolingana, kichwa kilitulia. Hakutuambia "vibaya" wala "vizuri". Tulimtazama kwa pembe ya jicho tukajua. Naye aliposahihisha, alisahihisha jambo moja tu kwa kila mzunguko wa uwanja. Kama breki ililegea na klachi pia iliachiwa kwa haraka, aliitaja breki, akainyamazia klachi. Tulipomuuliza baadaye kwa nini, alijibu kwamba mtu mwenye maneno mawili sikioni hulitii lile lililo jepesi.

Ikawa wiki ya tatu tukasimama mahali pamoja. Siku nne mfululizo hatukuendelea hata hatua moja, na siku ya tano ilionekana kana kwamba tumerudi nyuma. Mzee hakupaza sauti. Alituacha siku mbili bila mazoezi, kisha akaturudisha kwenye hatua ya (b) kwa dakika chache, na siku hiyo hiyo mguu ukatii. Haukutii kwa kuwa tumeuamuru. Ulitii tulipokuwa tukifikiri habari ya kona.

Waliyoyaona watafiti

Mambo hayo yameandikwa na wataalamu wa elimu-nafsi, na inafaa mwalimu mwanafunzi ayajue kwa majina yake. Paul Fitts na Michael Posner, katika kitabu chao cha mwaka 1967, waliigawa safari ya kujifunza stadi katika hatua 3. Kwanza mwanagenzi hufikiri kila tendo na kujisemesha. Kisha matendo huanza kushikana. Mwishowe stadi hujiendesha yenyewe na akili huwa huru kwa mambo mengine. Aliye katika hatua ya kwanza hana nafasi ya kusikiliza maelezo marefu, kwa kuwa nafasi yote imekwisha chukuliwa na kazi.

Mwaka 1897 na 1899 William Bryan na Noble Harter wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana waliojifunza kupokea simu za waya kwa vituo na mistari. Waliona kwamba maendeleo hayakupanda kama mlima mmoja. Yalipanda, yakalala kama uwanda kwa muda mrefu, kisha yakapanda tena. Mwanagenzi aliye kwenye uwanda huonekana hajifunzi, ilhali ndani yake herufi zinageuka kuwa maneno. Edward Thorndike naye aliwafunga watu macho akawataka wachore mistari ya urefu aliowatajia. Waliochora mara nyingi sana bila kuambiwa walivyofanya hawakuendelea. Kurudia tu hakufundishi. Kinachofundisha ni kurudia pamoja na kuyajua matokeo. Shingo ya mzee yule ilikuwa ikifanya kazi ambayo kitambaa cha Thorndike kiliizuia.

Tena, James Naylor na George Briggs walionyesha mwaka 1963 kwamba si kila kazi inafaa kukatwa vipande. Kazi ambayo sehemu zake zimefungamana sana hufundishwa vizuri zaidi ikiwa nzima. Ile yenye sehemu nyingi zisizotegemeana sana ndiyo hufaa kufundishwa kipande kimoja kimoja. Mwalimu atakayegawa kazi yenye mafungamano hana budi kukigawa kiungo pamoja na vipande vyake.

Kutoka kwenye makanyagio hadi kwenye silabi

Tuje sasa darasani. Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya Darasa la Pili katika shule moja ya mkoa huu. Mwalimu mwanafunzi alikuwa na andalio zuri la somo, kadi za silabi na sauti safi. Mtoto mmoja wa kiume aliitwa asome neno "mchanga". Akasoma: "m... cha... nga." Mwalimu akamwambia aunganishe. Mtoto akarudia: "m... cha... nga." Akaambiwa tena aunganishe, kwa sauti kubwa zaidi. Alipoulizwa neno lenyewe ni nini, alisema "nga". Darasa lilicheka, naye akaketi.

Tukiwa tumetoka katika mafunzo ya mzee, tuliiona hatua ya (b) ikikosekana. Mtoto yule alizijua silabi zote 3, na aliyemwambia "unganisha" alimtajia jina la tendo bila kumwonyesha tendo lenyewe. Kuunganisha ni nini? Ni sauti kuendelea kuishikilia silabi moja wakati jicho limekwisha kwenda kwenye inayofuata. Guy Buswell wa Marekani alichunguza jambo hilo mwaka 1920, akaona kwamba kwa msomaji hodari jicho hutangulia sauti. Msomaji mchanga huviweka jicho na sauti mahali pamoja; sauti ikisimama, jicho nalo husimama. Ni breki inayoachiwa kila mafuta yanapoguswa. Kila silabi inakuwa kituo, na safari inakuwa vituo vitupu bila barabara.

Jioni ile tulikaa na mwalimu mwanafunzi, tukabuni naye zoezi dogo. Neno liliandikwa kwenye kipande cha karatasi ngumu, na kadi nyingine ikalifunika. Kadi ikisogezwa, silabi ya kwanza hutokea. Mtoto huitamka na kuivuta, asiikate. Wakati anaivuta, kadi husogezwa na silabi ya pili hutokea kabla sauti haijaisha. Walianza na maneno ya silabi 2 ambazo sauti zake huvutika kwa urahisi, kama "mama", "sasa" na "nane", wakaenda "samaki" na "mchana", na mwisho "mchanga". Mwalimu alikatazwa kusema "unganisha". Kazi yake ilikuwa kuisogeza kadi kwa kuifuata sauti ya mtoto, na kusahihisha jambo moja tu kila zamu.

Kanuni hiyo haiishii katika kusoma. Mtoto anayejifunza kuandika huambiwa ashike penseli vizuri, akae wima, afuate mstari, aandike herufi kwa mwelekeo wake, na awahi. Hayo ni makanyagio 5 kwa mguu mmoja. Katika kutoa kwa kukopa, mtoto aweza kujua kutoa, na aweza kujua kwamba kumi moja ni mamoja kumi, lakini akapotea mahali pa kukumbuka kwamba tarakimu ya makumi imekwisha punguzwa. Mpe mazoezi ya kupunguza na kuandika tarakimu mpya peke yake, bila kutoa chochote, kisha ndipo umrudishie hesabu nzima. Katika kila somo la stadi, mwalimu na ajiulize kabla ya kuingia: ugumu umo katika kipande gani, au umo kati ya vipande vipi?

Mashimo yaliyo karibu na shule

Huenda mwingine akaona kwamba tunalikuza jambo dogo. Mtoto atachelewa kusoma mwaka mmoja, kisha atasoma. Katika mikoa mingine huenda ikawa hivyo. Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Kahama, kuchelewa kuna gharama nyingine. Mtoto aliyechekwa darasani hakosi pa kwenda. Kuna mashimo ya wachimbaji wadogo, kuna makarasha ya kusagia mawe, kuna maji ya kuteka na mchanga wa kuosha kwa karai.

Mwalimu anapaswa pia kukiri jambo gumu: huko mtoto hufundishwa vizuri. Huwekwa kando ya mtu anayejua, huonyeshwa namna ya kulizungusha karai, hupewa kiasi kidogo, na matokeo huyaona siku hiyo hiyo chini ya karai lake. Hakuna amwambiaye kwamba yeye ni mzito. Hufundishwa pia kuishika zebaki kwa mkono mtupu, kuivuta mvuke wake inapochomwa, na kushuka shimoni ambako udongo haumwulizi mtu umri wake. Ni mafunzo mema ya kazi inayomla mwanafunzi. Shule ina elimu njema kuliko ile, lakini mara nyingi ina ufundishaji duni kuliko ule, na mtoto wa miaka 9 huchagua mahali anapojiona anaweza.

Mtoto wa neno "mchanga" alikuwa amekwisha anza kukosa siku 2 au 3 kila wiki, na walimu wake walijua alikokuwa. Hatusemi kwamba kadi moja ilimrudisha, maana nyumbani kwao kulikuwa na haja ambazo kadi haizitoshelezi. Tunachoweza kusema ni hiki: katika wiki ya zoezi lile alihudhuria siku zote 5, na siku ya Ijumaa alilisoma neno lake kwa mvuto mmoja, kisha akatazama dirishani kuelekea kwenye rundo la mchanga uliokuwa umeletwa kwa ujenzi wa choo. Alikuwa amesoma kitu kilichopo.

Je, yatupasa kujifunza yasiyotakiwa tena?

Ipo hoja kwamba mbinu tuliyojifunza inakufa. Magari mengi yanayoletwa nchini siku hizi hujibadilishia gia yenyewe. Hata yale ya gia za mkono mengine yamepewa akili. Nissan 370Z, lililotolewa mwaka 2008, lilikuja na mtambo wa kuilinganisha mizunguko bila mguu wa dereva. Kwa nini basi mtu mzima ajisumbue?

Jibu letu halihusu magari. Mwalimu ambaye kwa miaka 10 hajajifunza jambo lolote linalomtoa jasho huanza kuamini kwamba wepesi ni hali ya kawaida ya binadamu, na kwamba uzito ni tabia ya mtoto. Dawa ya imani hiyo haipatikani katika hotuba. Hupatikana katika kuketi mahali pa mwanagenzi, mikono ikitetemeka, mbele ya mtu anayejua. Si lazima iwe udereva. Mwalimu aweza kujifunza kusuka ukili, kucherehani, kupiga zeze, au kuandika kwa mkono wake wa kushoto. Mkono wa kushoto hauhitaji fedha wala safari: aandike ukurasa mmoja kila siku kwa mwezi mmoja, na alifiche daftari lile karibu na madaftari ya Darasa la Kwanza anayoyasahihisha.

Kwa wale watakaovutiwa na udereva wenyewe tunaweka onyo. Mbinu hii hufundishwa na mtu anayeijua, gari likiwa limesimama kwanza, kisha katika uwanja mtupu. Barabara ya watu si uwanja wa mazoezi, wala ustadi si ruhusa ya kukimbia. Mzee wetu, pamoja na ujuzi wake wote, hupita mjini kwa mwendo wa baiskeli, na husema kwamba gia aliyoipenda kuliko zote ni ile iliyomfikisha utingo wake nyumbani.

Hitimisho

Walimu wanafunzi watakaoisoma makala hii karibuni watapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Tunawaomba wachukue mambo manne. La kwanza, kabla ya kuigawa stadi, watafute kiungo kilipo, na kiungo hicho wakifanye kuwa zoezi la pekee. La pili, wapunguze maneno wakati mtoto anatenda; maelezo yana saa yake, nayo mara nyingi ni baada ya tendo. La tatu, wasahihishe jambo moja kwa wakati mmoja, na wampe mtoto njia ya kuyajua matokeo bila kungoja alama nyekundu. La nne, wakimwona mtoto amelala kwenye uwanda, wasiharakishe kumwandika kuwa hawezi. Wampumzishe, wamrudishe hatua moja, wangoje.

Katika madaftari ya taarifa zetu kuna safu ya maoni ya mwalimu, na ndani yake limeandikwa mara nyingi neno "mzito". Kila mkono unapotaka kuliandika tena, mwalimu na ajiulize kwanza kama mtoto yule aliwahi kufundishwa kiungo, au alitajiwa tu jina lake kwa sauti kubwa. Jibu likipatikana, safu ile itakuwa na maneno mengine ya kuandikwa, na huenda maneno hayo yakamhusu mwalimu kuliko mtoto.